Baba, njoo tutengeneze gari!

Mwezi huu sitaki tuongelee harusi wala madeni ya harusi. Tuwaongelee wale waliokuja baada ya harusi, na wengine, tusifichane, waliokuja kabla yake: watoto.

Nianze na swali. Usinijibu mimi, mjibu mwenzio mkiwa wawili tu. Mtoto wenu akianguka Jumamosi asubuhi pale uani akachubuka goti, anamkimbilia nani? Kama anampita mama aliyekaa kibarazani, anampita baba aliyeinamia simu, anakwenda moja kwa moja jikoni kumkumbatia dada wa kazi, basi jibu mnalo. Na hapo simlaumu dada hata kidogo. Dada amefanya kazi yake, tena vizuri. Yeye ndiye anayejua kwamba mtoto siku hizi hataki uji wenye maziwa, na kwamba anaogopa mbwa wa nyumba ya tatu.

Hali yenyewe tunaijua wote. Unakaa Goba, Bunju au Kibada, kazi iko mjini. Saa kumi na moja alfajiri umeshatoka, mtoto amelala. Ukirudi, na foleni ile, saa mbili usiku, mtoto anasinzia juu ya sahani. Ukipiga hesabu ya saa ambazo mmekuwa macho pamoja kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, utashtuka. Ndiyo maana ikifika Jumamosi tunakuwa kama watu wanaodaiwa. Tunapita dukani, tunanunua gari la rimoti au mdoli anayelia ukimbonyeza tumbo. Mtoto anafurahi kweli, Jumapili bado anafurahi, Jumatatu betri imekufa. Halafu utamsikia baba analalamika, "Mbona nimemnunulia kila kitu, anataka nini tena?"

Anakutaka wewe, bwana.

Midoli ya dukani haina kosa, nami siwazuii kununua. Tatizo ni pale mdoli unapotumwa kwenda kukaa na mtoto kwa niaba yako. Mwezi huu nataka mjaribu kinyume chake: msinunue kitu, mkae chini wenyewe. Saa moja na nusu tu, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Na nikisema "mkae" nina maana baba na mama, wote wawili, kwenye mkeka mmoja. Kwenye nyumba nyingi ninazozijua, mambo ya mkasi na gundi huhesabiwa ni ya mama, baba anakuja mwishoni kusema "hongereni" na kupiga picha. Safari hii hapana. Picha moja inatosha, kisha simu zote mbili ziingie kabatini mpaka kazi iishe. Habari za kuweka status mtafanya jioni.

Anzeni kwa kutafuta boksi moja kubwa, liwekwe kona ya jikoni, na mwambieni dada asilitupe. Humo wiki nzima mtatupia maboksi ya juisi na maziwa yaliyosuuzwa, visoda, vifuniko vya chupa za maji, trei za mayai, mirija, magazeti, vijiti vya mishikaki (hata ile ya Ijumaa usiku, baba, rudi na vijiti uvioshe), ndala zilizokatika na vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani. Mkifika Jumamosi mtakuta mna karakana.

Gari linalotembea kweli

Naanza na gari kwa sababu hapa kina baba hawana kisingizio. Wengi wenu mlikua mkisukuma magari ya waya au ya kopo, yenye matairi ya ndala. Hayo mambo mikono haisahau.

Chukua boksi la juisi la lita moja, lilaze. Hiyo ndiyo bodi. Kata mrija vipande viwili, kila kimoja kiwe na urefu sawa na upana wa boksi, uvibandike chini ya gari, kimoja mbele na kingine nyuma. Pitisha kijiti cha mshikaki ndani ya kila mrija, ukiwa umeshakata ncha yake kali. Kila mwisho wa kijiti chomeka kifuniko cha chupa ya maji, kikaze kwa gundi. Basi, gari tayari.

Siri yote iko kwenye mrija. Wengi hubandika kijiti chenyewe kwenye boksi, halafu wanashangaa matairi hayazunguki, gari linaburuzwa kama gunia la mkaa. Tairi lishikane na kijiti, kijiti kiwe huru ndani ya mrija. Mwache mtoto aligundue hilo mwenyewe. Mwulize, "Kwa nini hili linatembea na lile halitembei?" halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote siku hiyo.

Matundu ya vifuniko atoboe mtu mzima. Shika msumari kwa koleo, upashe moto, utoboe katikati kabisa. Tundu likienda pembeni kidogo tu, gari litayumba kama daladala iliyokatika springi. Mtoto wa miaka mitatu apewe kazi ya kubandika visoda vya taa za mbele. Wa miaka mitano anaweza kukata madirisha ya karatasi kwa mkasi wenye ncha butu. Wa miaka saba akabidhiwe kupima mrija kwa rula, na akikosea kwa sentimita mbili mwache akate mwingine, mirija ipo.

Sasa rangi na jina. Muulize gari linakwenda wapi. Dar daladala hujulikana kwa mstari wa rangi kulingana na njia yake, kwa hiyo na yeye achague njia, apake mstari, kisha aandike mbele. Nimeona mtoto ambaye daftari la shule humtoa machozi akiandika KARIAKOO bila kubembelezwa, herufi zote nane, kwa sababu abiria walikuwa wanasubiri. Na kama wenu ni wa kizazi cha mwendokasi, mabasi yaliyoanza kazi Dar mwaka 2016, atataka lile refu linalojikunja katikati. Hilo nalo ni rahisi: maboksi mawili, katikati weka karatasi iliyokunjwakunjwa kama kipepeo cha mkononi. Likikata kona sebuleni utasikia kelele zake mpaka kwa jirani.

Baba, nikuombe kitu kimoja. Usilitengeneze wewe. Najua mkono utakuwasha. Najua ukiona tairi limekaa upande utataka kulinyang'anya gari "nikurekebishie kidogo tu." Nusu saa baadaye baba yuko peke yake mkekani, ulimi nje, gari limetoka zuri ajabu, na mtoto yuko kwenye televisheni. Gari baya la mtoto ni la kwake. Gari zuri la baba ni la baba.

Jikoni: unga na uchawi wa bizari

Siku za mvua, au kwa wanaokaa ghorofani, kuna unga wa kuchezea. Hauna gharama wala ufundi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta ya kula, na maji yanayokaribia kikombe kimoja. Maji mimina kidogo kidogo huku unakanda, maana ukiyamwaga yote kwa pamoja utapata uji. Ukande mpaka uache kung'ang'ania vidole, kama donge la chapati. Ukiuweka kwenye kontena lenye mfuniko ndani ya friji, utadumu siku kadhaa.

Chumvi ile ndiyo inayozuia usiharibike haraka. Chumvi hiyohiyo ndiyo sababu mtoto asiule. Akionja kidogo atatema mwenyewe, lakini yule mdogo anayepeleka kila kitu mdomoni asiachwe nao peke yake. Na kama mna mbwa, usitupwe alipo, chumvi nyingi hivyo ni sumu kwake.

Kwa rangi, msihangaike na za dukani. Bizari inatoa njano nzuri sana. Maji ya bitiruti yanatoa rangi ya waridi. Majani ya chai yaliyochemka mpaka yakakolea yanatoa kahawia. Tandikeni gazeti au mkeka wa zamani, na kila mtu avae nguo ya kushindia, maana bizari haina adabu.

Na kwa kuwa bizari imeshatoka kabatini, fanyeni na hili, ambalo binafsi nalipenda kuliko yote. Koroga kijiko cha bizari kwenye maji kidogo. Paka karatasi nyeupe yote iwe ya njano, ianike ikauke. Kwenye kikombe kingine yeyusha kipande cha magadi, yaleyale ya kulainishia makande. Mpe mtoto kijiti chenye pamba, achovye kwenye maji ya magadi, aandike jina lake juu ya ile njano. Maji hayana rangi, lakini herufi zitatokea nyekundu, palepale, mbele ya macho yake. Akimaliza kushangaa, mpe kipande cha ndimu apake juu ya herufi. Zinarudi njano.

Atakuuliza kwa nini, na safari hii usimwambie "ndivyo ilivyo." Bizari ina rangi inayobadilika ikikutana na vitu vya jamii ya magadi, na ikikutana na kitu kichungu kama ndimu inarudi ilivyokuwa. Kina mama mmeshaliona hili bila kulitafuta: shati jeupe likidondokewa mchuzi wenye bizari, ukilipaka sabuni doa linageuka jekundu na moyo unakudunda. Ni sabuni tu, inafanya kazi ya magadi. Mkiwa na maji ya rozela jaribuni pia. Kwa ndimu yanazidi wekundu, kwa magadi yanageuka kuelekea bluu au kijani. Watoto wa miaka minane, tisa, ambao unga wa kuchezea wameshauona wa kitoto, hapa watarudi mkekani mbio.

Angalizo: magadi ni ya mkono wa mtu mzima. Mtoto apewe yaliyokwisha yeyushwa, na asipeleke vidole machoni.

Bao la trei za mayai

Bao la Kiswahili, kama wazee wetu wa barazani walivyolicheza na wanavyolicheza, lina mashimo 32: mistari minne, kila mstari mashimo manane. Kete zake ni 64. Kulichonga ni kazi ya fundi. Lakini chukua trei mbili za mayai, zile za mayai 30. Kila moja ikate ibaki na mashimo manne kwa manne. Ziunganishe ubavu kwa ubavu kwa gundi na karatasi ngumu chini yake. Nne kwa nane, 32, bao limepatikana. Ipakeni rangi, mistari miwili ya kwako na miwili ya mwenzio.

Kete za asili ni komwe, na kama mko pwani mnaweza kuziokota wenyewe. La sivyo mawe madogo ya saizi moja yanatosha. Kumkusanyisha mtoto mawe 64 ni shughuli tosha ya alasiri nzima, na ni hesabu ambayo hajui kama ni hesabu. Ila nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu subirini kwanza. Kete ndogo zina tabia ya kuingia puani na masikioni, na Jumamosi yenu itaishia hospitali.

Kwa kuanza msiingie kwenye bao kubwa lenye nyumba na mambo mengi. Kuna bao la kujifunza: kila shimo linawekwa kete mbili, 64 zimekwisha, mchezo unaanza. Mtoto azoee kwanza kuchota na kusambaza moja moja kwenye mistari yake miwili. Akishazoea, mfundishe kula: kete yake ya mwisho ikiangukia shimo la mstari wa mbele lenye kete ndani, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo likawa na kete, anazila na kuzisambaza upande wake. Ukibaki huna kete hata moja kwenye mstari wa mbele, umefungwa.

Kama babu yupo, mpigieni simu. Babu akija kufundisha bao, nyinyi wawili mnaweza kwenda kupumzika, sitawaambia watu.

Mpira, na mambo yaliyobadilika

Sisi tuliokua miaka ile, mpira ulikuwa wa mifuko ya rambo iliyofungwa kwa kamba ya katani, na tiara nayo ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, utundu huo umekosa malighafi, na wenzetu Kenya walitangulia Agosti 2017. Si hasara. Mpira wa matambara unadunda kidogo lakini hauvunji kioo cha dirisha, jambo ambalo mwenye nyumba wako atalifurahia. Funga soksi moja iliyopoteza mwenzake, izungushie vitambaa, kaza kwa uzi, zungushia tena. Dakika ishirini.

Na ndala zilizokatika msizitupe. Pale Kenya, Ocean Sole wanachukua ndala kuukuu zilizotupwa ufukweni na kuchonga twiga na kasa wa rangirangi, wanauzwa mpaka nje. Wewe huhitaji twiga. Chora nyota, samaki au herufi juu ya soli, mtu mzima akate kwa kisu kikali, na mtoto ana muhuri wake wa kuchovya kwenye rangi na kugonga kwenye karatasi. Kadi za siku ya kuzaliwa za mwaka mzima zimepatikana.

Wale wanaopenda kuchora, watajieni Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Oysterbay, alikuwa akichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya bei nafuu, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Mtoto akikwambia hawezi kuchora kwa vile hana rangi nzuri, mwonyeshe chui wa Tingatinga, mpe upande wa ndani wa boksi la kornifleksi, na mwambie aanze na madoa.

Nani atafagia?

Sasa hapa ndipo ndoa zinapoyumba. Ukweli ni kwamba shughuli zote nilizozitaja zinaacha uchafu. Vipande vya karatasi vimeganda sakafuni, unga umeingia kwenye nyuzi za zulia, bizari iko kwenye mlango wa friji na hakuna anayejua ilifikaje. Baba anajinyoosha, anasema, "Leo tumefurahi sana," anaelekea bafuni. Mama anabaki amesimama na fagio.

Jamani, hiyo si familia kufurahi pamoja. Hiyo ni watu watatu kufurahi na mmoja kufanya usafi. Mama akishafagia Jumamosi mbili mfululizo, ya tatu atasema hataki kuona gundi ndani ya nyumba yake, na wala hatakuwa mkali, atakuwa amechoka. Na kumwita dada aje kuzoa nako ni yaleyale. Kama dada yupo, aitwe mkekani akae, akate karatasi na yeye. Wengine ni mabinti wadogo tu, umri wa kucheza haujawaacha mbali.

Pangeni kabla hamjaanza. Dakika kumi na tano za mwisho ni za kusafisha, na kila mtu ana chake: mdogo anaokota visoda, mkubwa anafagia, baba anapiga deki, mama anaamua kipi kinabaki na kipi kinarudi kwenye boksi. Baba akishika dekio mbele ya mtoto wake wa kiume, hata msipotengeneza gari wala tiara, siku hiyo mmetengeneza kitu.

Suala la kipi kibaki nalo lina siasa zake. Mama mwenye sebule yake nzuri, kochi jeupe na maua ya mezani, hataki boksi la juisi lenye visoda likae juu ya kabati. Namwelewa. Chagueni ukuta mmoja, hata wa korido, uwe wa watoto. Kazi mpya ikiingia, ya zamani inatoka, na mwenye kazi ndiye anayeamua ipi. Msitupe usiku kimyakimya mkidhani hatajua. Atajua asubuhi kabla hajapiga mswaki.

Nanyi ambao bado hamjapata watoto, msiufunge ukurasa. Likizo za Juni na Desemba wapwa wanakuja, na hamwezi kuwaweka mbele ya katuni wiki nne. Tena dada zangu, kama kuna kijana mnachumbiana naye na hujajua kama ni wa kukaa naye, mwite Jumamosi moja, mpe mkasi, gundi na mpwa wako wa miaka mitano, wewe kaa pembeni unywe juisi. Angalia anafanya nini gundi ikimwagika kwenye suruali yake. Utajua mengi kuliko utakavyojua kwenye chakula cha jioni cha mshumaa. Na vijana, hilo linafanya kazi kwa upande wenu pia.

Tiara ya kusi

Nimeiweka tiara mwisho kwa sababu inahitaji watu wawili wazima, na hiyo ndiyo raha yake. Wenzetu wa Visiwani wanaiita kishada.

Toa njiti mbili imara kwenye fagio la chelewa, zikiwa nyembamba unganisha mbilimbili. Moja iwe na urefu wa sentimita 60, nyingine 50. Zifunge kwa uzi ziwe msalaba, ile fupi ikikatiza karibu na juu, kama robo hivi ya urefu. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, upate umbo. Laza juu ya gazeti au karatasi nyepesi ya kufungia zawadi, kata ukiacha ukingo wa vidole viwili, kunja ukingo juu ya uzi, bandika. Gundi pikeni wenyewe: kijiko kikubwa cha unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji, koroga motoni mpaka iwe kama uji mzito, iache ipoe.

Kisha hatamu: uzi unaotoka kwenye msalaba kwenda mpaka ncha ya chini, ukiwa umelegea kidogo, na hapo ndipo unapofunga uzi wa kurushia, juu zaidi kuliko chini. Mwisho mkia. Vipande vya kitenge vilivyofungwa kwenye kamba, urefu kama mara tano ya tiara yenyewe. Ikizungukazunguka hewani na kupiga mbizi, mkia ni mfupi, ongeza. Ikigoma kupanda kabisa, mkia ni mzito, punguza.

Upepo wa kusi, kuanzia mwezi Juni hivi mpaka Septemba, ndio wenyewe. Kwa Dar nendeni Coco Beach au Kigamboni alasiri. Mliohamia Dodoma na ofisi zenu, upepo mnao wa bure hapohapo. Popote muendapo, kwanza tazama juu. Pasiwe na nyaya za umeme karibu, na tiara ikinasa kwenye waya iacheni, hata mtoto alie vipi. Msitumie waya wala uzi wenye chuma.

Kurusha: mama ashike tiara juu ya kichwa, hatua ishirini kutoka kwa mtoto, mtoto ashike uzi akiwa ameupa upepo mgongo, baba asimame nyuma yake akimsaidia kuachia uzi taratibu. Msikimbie ovyo, upepo ukiwa wa kutosha tiara inaondoka yenyewe mkononi. Mkikosa mara tatu, badilishaneni nafasi. Na uzi ukikatika, tiara ikaenda kukaa juu ya mnazi wa watu, msigombane nani aliufunga vibaya. Fagio la chelewa bado lina njiti nyingi.

Mwezi ujao: mama mkwe anakuja kukaa miezi miwili. Chumba kimoja, mipango mingi. Tukutane hapahapa.